Kuhamisha mafuta mwilini: ya chumba cha upasuaji na ya nyumbani baadaye

Tangu nianze safu hii ya afya, hakuna swali ninaloulizwa kwa sauti ya chini kama hili. Dada anangoja wenziwe watoke ukumbini baada ya kupamba, kisha ananivuta kando: "Bi mkubwa, ile ya kutoa mafuta tumboni na kuyatia nyuma, hivi huwaje?" Nilikuwa muuguzi wa wadi za upasuaji kwa miaka 22 kabla ya kustaafu, na juzi juzi nimemuuguza binamu yangu nyumbani wiki 3 nzima baada ya kufanyiwa upasuaji huu. Leo nitajibu kwa kirefu, ili anayetaka aende akijua anakokwenda, na aliyebaki nyumbani ajue namna ya kumtunza.

Hukumu ya dini nawaachia mashekhe. Wanavyuoni wengi hutofautisha baina ya kurekebisha kasoro, mfano kovu la moto au titi lililokatwa kwa saratani, na kubadilisha umbo kwa urembo tu. Mwenye kulijali hilo aulize kabla ya kulipa.

Kinachofanyika hasa

Mafuta hutolewa mahali yalipozidi, aghalabu tumboni, kiunoni, mgongoni au mapajani, yakatiwa mahali mwenyewe anapotaka pajae. Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1893 daktari wa Kijerumani, Gustav Neuber, alichukua vipande vya mafuta mkononi mwa mgonjwa akajazia kovu usoni. Lililoleta mabadiliko ni ufundi wa kufyonza mafuta kwa mrija, ulioanzia Italia na Ufaransa miaka ya 1970. Siku hizi mafuta hutiwa mashavuni, chini ya macho, migongoni mwa mikono, matitini, kwenye makovu, na zaidi ya yote kwenye makalio, ile ambayo vijana wanaiita BBL.

Siku ya upasuaji mgonjwa hulazwa kwa nusukaputi, au kama ni eneo dogo la uso, kwa ganzi tu. Kisha hupigwa chini ya ngozi maji ya chumvi yaliyochanganywa na dawa ya ganzi na adrenalini. Adrenalini hubana mishipa midogo ili damu isitoke nyingi. Baada ya hapo daktari hupitisha mrija mwembamba kwenye matundu madogo kuliko ukucha wa kidole kidogo, akausukuma mbele na nyuma huku mashine au sirinji ikifyonza. Yanayotoka huachwa yatuame au huoshwa, ili damu na maji vijitenge, na yale mafuta mazuri ndiyo yanayorudishwa mwilini kidogo kidogo. Kazi yote huchukua saa 2 hadi 4 hivi. Kwa makalio, kila upande unaweza kutiwa nusu lita au zaidi. Kwa uso ni vijiko vichache tu.

Mbona kidogo kidogo? Mafuta hayo ni chembe hai zilizokatwa kutoka kwenye damu yake. Siku za mwanzo zinaishi kwa unyevu wa nyama iliyo jirani, mpaka mishipa mipya ya damu izifikie. Ni kama miche ya mikoko: ukiipanda mmoja mmoja penye tope zuri hushika, ukiirundika shimo moja hufa ya katikati. Ndiyo maana hata kwa fundi hodari si mafuta yote yanayosalia. Kwa kawaida hubaki baina ya nusu na asilimia 70, mengine mwili huyala. Basi mwanamke anayejitazama kwenye kioo wiki ya kwanza anaona mafuta yake, na uvimbe, na sehemu itakayoondoka. Asishangilie sana wala asilie.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote

Nitasema wazi kwa sababu wauzaji hawalisemi. Chini ya mafuta ya makalio kuna msuli mkubwa, na ndani na chini ya msuli huo mna vena nene. Mrija ukiingia ndani ya msuli ukapasua vena, mafuta huingia kwenye damu, yakaenda moja kwa moja moyoni na mapafuni. Mtu anaweza kufia pale pale mezani. Mwaka 2017 jopo la madaktari wapasuaji wa urembo wa Marekani lilitoa matokeo ya uchunguzi wake: kifo 1 kwa takriban kila upasuaji 3,000 wa aina hii, idadi iliyokuwa kubwa kuliko ya upasuaji mwingine wa urembo. Miili iliyochunguzwa ilikutwa na mafuta ndani ya msuli. Tangu hapo vyama vya madaktari hao vinasisitiza mafuta yatiwe juu ya msuli tu, chini ya ngozi. Jimbo la Florida lilikwenda mbali zaidi mwaka 2022, likaamuru daktari atumie ultrasaundi ili aone ncha ya mrija wake iko wapi, na asifanye zaidi ya watu 3 kwa siku.

Kwa hivyo swali la kwanza la kumuuliza daktari ni hili: "Utayatia juu ya msuli au ndani, na unajuaje uko wapi?" Akikasirika, chukua mkoba wako. La pili: nani atakayenilaza nusukaputi, na atakaa nami mpaka niamke? La tatu: nikizidiwa usiku, nitapelekwa hospitali gani yenye chumba cha wagonjwa mahututi? Na uulize ni mafuta kiasi gani yatakayotolewa. Kufyonza zaidi ya lita 5 kwa mkupuo mmoja huhesabiwa kuwa kazi kubwa, na mgonjwa hapaswi kurudishwa nyumbani siku hiyo hiyo.

Hapa kwetu tumeonywa vya kutosha. Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki baada ya kufyonzwa mafuta katika kliniki ya Nairobi, na Baraza la Madaktari, KMPDC, likaifunga kliniki hiyo. Baraza hilo lina daftari kwenye mtandao ambalo mtu yeyote anaweza kulitazama bure. Andika jina la daktari uone kama leseni yake ni ya mwaka huu na kama amesajiliwa kuwa bingwa wa upasuaji wa plastiki. Tazama pia kama kituo chenyewe kina leseni, na ni ya daraja gani. Dakika 10 tu. Cheti cha mafunzo ya siku chache kilichotundikwa ukutani chenye fremu ya dhahabu hakimfanyi mtu kuwa mpasuaji, na wafuasi laki 2 wa Instagram pia hawamfanyi.

Wale wanaochoma sindano za kukuza makalio saluni au chumbani kwa mtu sitawajadili sana. Hayo si mafuta yako. Mara nyingi ni silikoni ya maji au kitu kisichojulikana, na kikishaingia hakitoki. Nimeona nyama iliyooza kwa ajili yake. Kaa mbali.

Kabla ya kwenda

Vipimo vya damu si urasimu. Wanawake wengi wana upungufu wa damu bila kujua, na upasuaji huu hupunguza damu zaidi. Huku pwani kuna jambo jingine, selimundu. Ugonjwa huu upo sana katika familia zetu, hasa upande wa Kilifi, na mwenye nao anaweza kupata shida kubwa akilazwa nusukaputi. Hujapimwa? Pimwa. Mwambie daktari kuhusu presha, sukari, vidonge vya uzazi wa mpango (baadhi huongeza uwezekano wa damu kuganda), aspirini, mitishamba yote na vidonge vya kitunguu saumu. Sigara na shisha ziachwe angalau wiki 4 kabla na wiki 4 baada, kwa kuwa hubana mishipa na kuyaua mafuta yaliyopandwa. Miraa nayo hupandisha presha na mapigo ya moyo; usiifiche.

Kuna kitu ambacho madaktari wa bara hawakumbuki kukisema: hina. Kile kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni husoma kwa mwanga, na hina nyeusi au piko kwenye ncha za vidole inaweza kukivuruga. Acha ncha za vidole zikiwa safi.

Mama anayenyonyesha asubiri. Anayetarajia kuzaa karibuni pia asubiri, maana mimba italibadilisha tumbo lile lile alilolilipia. Uzito uwe umetulia kwa miezi kadhaa. Chembe zilizohamishwa hunenepa ukinenepa na hukonda ukikonda.

Ama pesa, tunazungumzia laki kadhaa, na bima kwa kawaida hazilipii urembo. Lakini bei unayotajiwa ni ya chumba cha upasuaji. Ongeza mavazi 2 ya kubana mwili (moja linafuliwa, moja limevaliwa), malazi ya siku za kuangaliwa, dawa, safari za kurudi kliniki, na wiki 2 au 3 za kutofanya kazi. Akiba ya dharura nayo iwepo. Binamu yangu aliweka bajeti ya upasuaji tu, na ikabidi tuchangishane nauli.

Siku za nyumbani

Hapa ndipo penye kazi. Wengi wetu upasuaji tunaufuata Nairobi, kisha tunataka kurudi Mombasa kesho yake. Usifanye hivyo. Treni ni saa 5 za kukaa, basi ni usiku mzima, na kukaa ndiko kunakokatazwa. Baki karibu na daktari wako mpaka akutazame mara ya kwanza na ya pili, wiki moja hivi. Safari ya ndege ya masafa marefu, iwe Dubai au umra, ingoje wiki kadhaa mpaka daktari aseme ndiyo.

Siku 2 za kwanza matundu huvuja majimaji ya rangi ya waridi. Watu huingiwa na hofu wakidhani ni damu inayomiminika, na hali ni yale maji ya chumvi yanayotoka. Tandika plastiki na leso kuukuu juu ya godoro. Maumivu yaliyo makali ni ya mahali palipofyonzwa, si mahali palipotiwa. Binamu yangu alisema ni kama mtu aliyebebeshwa magunia bandarini kwa mwezi mzima. Ngozi hubadilika rangi kwa damu kuvilia, zambarau kisha manjano, kwa wiki 2 au zaidi, na uvimbe hushuka mpaka mapajani na sehemu za siri. Hayo ya kawaida.

Kulala ni kifudifudi au ubavu. Kukalia makalio moja kwa moja kunakatazwa wiki 2 za mwanzo, isipokuwa chooni kwa muda mfupi. Baada ya hapo, mpaka wiki ya 6 au ya 8 kwa kadiri ya maagizo ya daktari wako, hukaa kwa mto uliowekwa chini ya mapaja ili makalio yaning'inie. Tuktuk na boda boda sahau. Choo cha kuchutama ni kigumu siku za mwanzo, kwa sababu miguu haina nguvu na kichwa huzunguka. Kama nyumba ina choo cha kukaa, mwachieni yeye.

Vazi la kubana huvaliwa usiku na mchana kwa wiki 4 hadi 6 au zaidi, na hutolewa kwa kuoga tu. Mara ya kwanza kulivua ni hatari ndogo isiyosemwa: mwili ukiachiliwa ghafla, damu hushuka na mtu huzimia. Binamu yangu alianguka mikononi mwangu mlangoni mwa bafu, na mimi nilikuwa nimesimama pale kwa kulijua hilo. Ale kwanza, anywe maji, avue akiwa amelala, akae kitako cha ubavu kidogo, ndipo asimame.

Na joto letu je? Vazi hili mwezi wa Februari, kaskazi ikikaribia kuisha, ni adhabu. Jasho linashikana na ngozi, vipele vinatoka, matundu hayakauki. Mwenye uhuru wa kuchagua aende Juni au Julai wakati wa kusi. Na asipange karibu na Ramadhani, kwa kuwa mwili unaopona unahitaji maji mengi na chakula cha kujenga nyama: samaki, mayai, maharagwe, dafu. Dawa za maumivu hufunga choo, basi papai lisikosekane.

Kusali kuna namna. Kusimama na kurukuu si tabu baada ya siku chache. Kikao cha attahiyatu ndicho tatizo, maana unakalia visigino. Mgonjwa ana ruhusa zake katika sharia, kusali kwa kusimama au kulala ubavu, na kupaka maji juu ya bendeji. Muulize shekhe mapema ujue utakavyofanya, usije ukaacha sala au ukajiumiza.

Sasa niwaombe mama zangu wenye mapenzi. Msimkande. Najua mzazi kwetu hukandwa kwa maji ya moto na kusingwa kwa mafuta, na mkono wa mkandaji ni dawa. Hapa si mahali pake. Ngozi ya tumbo iliyofyonzwa hufa ganzi kwa wiki hata miezi, na maji ya moto yanaweza kumbabua asihisi. Na ukiyakanda makalio unayang'oa mafuta yaliyoanza kushika. Kama daktari anataka tumbo lisuguliwe ili uvimbe upungue, atasema lini na nani afanye.

Atembee, lakini. Tangu siku ya kwanza, hata kama ni kutoka chumbani hadi barazani na kurudi, mara nyingi kwa siku. Kulala tu huigandisha damu miguuni.

Siri ndiyo inayoua

Miaka kadhaa nyuma tulipokea wadini mwanamke wa miaka 30 na kitu, ameletwa na wifi yake akihema. Alisema ana malaria. Nyumbani aliaga kuwa anakwenda Nairobi harusini, akarudi kimya kimya, akawa anajifungia chumbani na buibui juu ya vazi lake la kubana. Tulimpima malaria, tukadhani nimonia, siku ikapita. Nilipokuwa nikimbadilisha shuka ndipo nilipoyaona matundu na ngozi ya zambarau. Nilimnong'oneza, naye akaanza kulia. Siku 9 alikuwa ametoka kupasuliwa, na donge la damu lilikuwa limetoka mguuni likakaa mapafuni. Alipona, alhamdulillahi, lakini siku ile nzima tuliipoteza kwa sababu hakuna aliyejua, wala mume wala mama wala sisi.

Sisi watu wa pwani tuna sitara, na ni jambo jema. Ila sitara haikuzuii kumwambia mtu mmoja. Chagua dada, shoga wa kweli, au mumeo. Mpe karatasi yenye tarehe, aina ya upasuaji, dawa unazokunywa na nambari ya daktari. Mtu huyo ajue kwamba pumzi ikikata, kifua kikiuma, ukikohoa damu, ukichanganyikiwa au ukizimia, ni hospitali ya dharura papo hapo, si kesho, na neno la kwanza kumwambia daktari wa zamu ni "amefanyiwa upasuaji wa mafuta." Mguu mmoja ukivimba na kuuma ndama, vivyo hivyo. Homa ya juu, sehemu moja inayozidi kuwa nyekundu, ngumu na ya moto, usaha wenye harufu, au maumivu ya tumbo yanayoongezeka badala ya kupungua, usingoje pia. Homa ya pwani si lazima iwe malaria. Na kama daktari aliyekupasua hashiki simu, nenda hospitali iliyo karibu. Hakuna muuguzi mwenye akili atakayekucheka.

Miezi inayofuata

Wengi hurudi kazi nyepesi baada ya wiki 2 au 3, na mazoezi mazito baada ya wiki 6 hadi 8. Uvimbe mwingi huisha mwezi wa 3, na umbo la kweli hulioni kabla ya mwezi wa 3 hadi wa 6. Huenda upande mmoja ukawa mdogo kuliko mwingine, au tumbo likawa na mabonde mahali mrija ulipopita sana. Daktari mwaminifu atakwambia ungoje miezi 6 ndipo mzungumze kuhusu kurudia, na pengine hamtakuwa na mafuta ya kutosha ya kurudia.

Mafuta yaliyokufa bila kuliwa na mwili huweza kubaki kama kinundu kigumu, na kwa aliyetiwa matitini kinundu hicho humtia mtu hofu ya saratani. Usikipuuze wala usijiambie ni mafuta tu. Kapimwe, na ukienda kupigwa picha ya titi, hata baada ya miaka 10, mwambie anayekupiga picha kwamba uliwahi kuhamishiwa mafuta na mwaka gani, kwa sababu chokaa inayojijenga kwenye mafuta hayo huonekana kwenye picha na huweza kumkanganya.